Hopsi ya uani: mbona kila mtu anaipa jina lake?

Mwezi wa sita shemeji yangu anayekaa Salem, Oregon, huku Marekani, alinirushia picha WhatsApp, mmea umekwea fensi ya nyumba waliyohamia mpaka umefika juu ya paa la kibanda cha zana, majani mapana yana meno meno, na chini kaandika "Shem, wewe si mtu wa mabia, hii ni hopsi aina gani?" Alikuwa ameshaituma kwa Watanzania wenzake wa huko na majibu ameyapata ya kutosha. Mmoja kasema Cascade, mwingine kasema hapana hiyo ni Fuggle ya kizamani, mama mmoja kasema hiyo ni bangi ing'oeni kabla polisi hawajaja, na kijana wao kaipiga picha na apu ya simu, apu ikajibu Humulus lupulus, basi wakadhani hilo ndo jina lililokuwa linatafutwa.

Mimi si mtaalamu wa chochote, ila nina hopsi yangu nyuma ya nyumba hapa Beaverton, Oregon hiyo hiyo, nayo niliikuta, sikuipanda, na nimehangaika miaka minne kuitafutia jina, kwa hiyo ya shemeji nayajua vizuri. Nilichogundua ni kwamba watu tunabishana kwa sababu neno "aina" kila mtu ana maana yake kichwani, wacha nianzie hapo.

Hopsi ni mmea unaotambaa, ndo unaoipa bia ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi ukishameza, na sehemu kubwa ya harufu. Kwetu Uchagani uchungu wa mbege unatoka kwenye msesewe, yale magamba ya mti, sasa wenzetu wa Ulaya kazi ya msesewe waliipa hopsi. Kinachotumika si jani wala shina, ni maua ya mmea jike, yamekaa kama koni ndogo za kijani, nyepesi kama karatasi, nyingi hazizidi kidole gumba. Ukiipasua koni katikati unakuta unga wa njano unaonata, unaitwa lupulini, na humo ndo kuna kila kitu, yani asidi za alfa zinazoleta uchungu zikichemshwa, na mafuta yanayoleta harufu. Hayo majani majani mengine ya koni ni mfuko tu wa kubebea huo unga.

Yule mama wa bangi tusimcheke sana. Hopsi na bangi ni ukoo mmoja kabisa kwa watu wa mimea, kama nyanya na mnavu walivyo ukoo mmoja, na harufu za maua yao zinakaribiana. Ila hopsi haina kile kitu kinacholewesha kwenye bangi, na bangi haikwei fensi. Hopsi inakwea, tena inajizungusha kwa kufuata mshale wa saa, na shina lake lina vinywele vigumu, ukipita nalo mkononi linakuachia mistari myekundu inayowasha siku nzima (nimevaa kaputula kuvuna mara moja tu, sirudii). Kuna na binamu yake anaitwa hopsi ya Kijapani, huyo anaota kama gugu upande wa mashariki ya Marekani, majani yake yamegawanyika vidole vitano mpaka saba na hana lupulini ya maana. Kama ni huyo basi habari imeishia hapo, hakuna bia.

Sasa aina. Kusema Humulus lupulus ni sawa na kusema "muembe". Ni kweli, lakini mtu akikuuliza embe gani anataka kusikia dodo, bolibo, sindano. Apu ya simu inakupa muembe. Haikupi dodo, na hata ikikupa usiiamini, nitaeleza kwa nini.

Hopsi zenye majina hazipandwi kwa mbegu. Unakata kipande cha mzizi wa chini chenye macho, unakipanda kama unavyopanda tangawizi, au kama mtu anavyokata pingili ya muhogo. Kwa hiyo Cascade zote duniani ni mmea mmoja, uliokatwa ukakatwa tena ukasambazwa. Mbegu ni mambo mengine kabisa, mbegu ni mtoto, ana baba na mama, na hafanani na mama moja kwa moja. Si unajua kokwa la parachichi la Hass, ukilipanda linaota vizuri tu na miaka kadhaa mbele unakula parachichi, lakini siyo Hass. Linaweza kuwa tamu kuliko Hass, linaweza kuwa la maji maji, ila jina la Hass limeshapotea pale ulipotupa kokwa shimoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "aina gani" kuna swali linalotangulia, na watu wengi wanaliruka, je huu mmea uliletwa na mtu kama kipande, au umejiotea kwa mbegu? Kama umejiotea basi hauna jina. Haujafichwa wala haujasahaulika, haujawahi kuwa nalo. Mtu anaweza kutafuta miaka kumi jina ambalo halipo. Na kutokuwa na jina siyo ubaya, ile Amarillo ambayo wapika bia wanaigombania haikutoka kwa watafiti, ilikutwa imejiotea katikati ya hopsi nyingine kwenye shamba la Virgil Gamache huko Toppenish, jimbo la Washington, wenye shamba wakaona hii mbona si kama wenzake, wakaitunza, wakaipa jina wenyewe.

Huku kwetu Oregon hilo swali ni zito zaidi kwa sababu bonde lote hili la Willamette lilikuwa mashamba ya hopsi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Oregon ndo ilikuwa inaongoza Marekani nzima, na mji wa Independence hapo karibu na Salem mpaka leo unafanya sherehe za hopsi. Mashamba mengi yakang'olewa, zikajengwa nyumba, lakini hopsi ni mmea wa kudumu, shina linakauka kila baridi na mzizi unabaki chini, mwezi wa tatu wa nne unachomoza tena kama hakuna kilichotokea. Hivyo mmea wa kwenye fensi unaweza kuwa Cluster au Fuggle zilizobaki tangu enzi za mabibi, au mtoto wao aliyejiotea mtaroni, au kitu ambacho jamaa alinunua kitaluni mwaka 1997.

Ndo maana mimi naona kutafuta aina ya hopsi ni kazi ya kuondoa, siyo ya kutambua. Huangalii ukasema "ahaa ni fulani". Unaweka majina yote mezani halafu unatoa moja moja yasiyowezekana, na kinachotoa majina mengi haraka kuliko vyote wala siyo mmea, ni historia ya nyumba. Mimi nilienda kwa jirani, mzee aliyekaa mtaa huu kuliko wote, nikamuuliza nani aliipanda. Akaniambia mwenye nyumba wa zamani, katikati ya miaka ya tisini, alikuwa anapika bia gereji na mtaa mzima ulikuwa unanuka uji. Hapo hapo nimeshapata mawili: ni kipande cha kununua, na ni kabla ya 2000.

Tarehe zinasaidia kweli. Cascade ilitoka 1972, Willamette 1976, Chinook 1985, Mount Hood 1989, Centennial 1990. Mtu akikuambia hopsi ya babake ilipandwa 1983, hiyo haiwezi kuwa Centennial hata inukie vipi. Na zile zinazotajwa sana siku hizi, Citra na Mosaic na wenzao, zina wenyewe, zinalindwa kisheria na vipande vyake haviuzwi kwa mtu wa nyumbani, kwa hiyo mtu akiniambia ana Citra uani nanyamaza tu nakunywa bia yake.

Sasa majani, maana hapa ndo watu wanagombana. "Hesabu vidole vya jani, vitatu ni hii, vitano ni ile." Jamani. Nendeni kwenye mmea mmoja mkahesabu, chini kuna majani ya vidole vitano, katikati vitatu, na kule juu karibu na maua kuna majani hayana vidole kabisa yamekaa kama moyo. Mmea ule ule, siku ile ile. Mwenye picha ya jani moja hana kitu, na apu nayo inaangalia picha hiyo hiyo ya jani moja. Rangi ya shina ina maana kidogo, Waingereza wa zamani walikuwa wanaziita hopsi kwa rangi ya shina, ndo ikapatikana Canterbury Whitebine (yani shina jeupe), lakini jua likizidi au mmea ukikosa chakula rangi inabadilika. Umbo la koni ni ushahidi mzuri zaidi, kama ni ndefu au ya duara, imebana au imeachia, na ukiichambua ukabaki na ule uti wa katikati uliopinda pinda, uangalie kama vifundo vimesogeleana au vimeachana. Ila hata hapo usihukumu mmea wa mwaka wa kwanza, hopsi inahitaji kama miaka mitatu mpaka itulie, kabla ya hapo inakupa koni chache tena za ajabu ajabu.

Harufu. Hapa nikiri nilivyojiaibisha. Mwaka wa kwanza nilichuma katikati ya mwezi wa nane kwa papara, nikasugua, nikanusa, nikapata harufu ya nyasi zilizokatwa, nikamtangazia kila mtu kwamba nina Fuggle, tena kwa sauti. Kumbe ilikuwa mbichi, na hopsi yoyote ikiwa mbichi inanuka nyasi. Mwaka uliofuata nikasubiri mpaka wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa. Koni iliyokomaa ukiibonyeza inalia kama karatasi, na inarudi ilivyokuwa, haibaki imebonyea kama sponji bichi. Lupulini yake imetoka kwenye njano ya kupauka imekuwa njano iliyokolea kama binzari. Unaweka koni tatu kiganjani, unasugua viganja kwa nguvu mpaka vinapata joto na kunata, unaziba pua na mdomo kwa viganja kama mtu anayetaka kupiga chafya, unavuta. Ikaja balungi. Balungi yenyewe, ganda lake lile unapolikwangua na kucha, na nyuma yake maua maua hivi. Mke wangu alikuwa dirishani jikoni akauliza nani anamenya balungi.

Balungi inaelekeza kwa Cascade, hiyo kila mpika bia atakuambia. Chinook inavuta kwenye misonobari na pilipili, Centennial limau na maua, Fuggle na mtoto wake Willamette ni udongo, mbao na majani makavu. Lakini nikasema nisirudie kosa, maana pua ni shahidi anayesema ukweli nusu. Ukishaambiwa Cascade pua inanusa Cascade. Na udongo na jua vinabadilisha harufu, ile Cascade iliyopelekwa New Zealand ilitoka tofauti mpaka huko wakaanza kuiuza kwa jina la Taiheke.

Nikafanya jaribio la jikoni, halina gharama. Nilinunua pakiti ya Cascade ya dukani yenye kiwango cha asidi ya alfa kimeandikwa, asilimia 6. Hopsi yangu nikaikausha kwenye wavu mbele ya feni mpaka ule uti wa katikati ukipindwa unakatika badala ya kukunjika, hiyo ndo alama kwamba imekauka, na lazima ikauke maana koni mbichi sehemu kubwa ni maji, utalinganisha embe na embe kavu. Sufuria mbili, lita moja moja ya maji, kila moja kijiko cha sukari, gramu 5 za hopsi kwa mizani ya jikoni, nikachemsha nusu saa, nikachuja, nikaacha ipoe. Halafu unaonja, na unaongeza maji kidogo kidogo kwenye ile iliyo chungu zaidi mpaka zilingane. Kama moja imetaka maji sawa na ujazo wake ndo ikalingana na mwenzake, basi ina uchungu kama mara mbili. Zangu hazikutaka maji kabisa, zilikuwa ndugu. Ni kipimo cha kienyeji na ulimi unachoka haraka, lakini kilitosha kutoa Chinook mezani, maana hiyo inakwenda asilimia 12 mpaka 14, na Centennial inakwenda kama 9 na nusu mpaka 11 na nusu. Kuchemsha ni lazima, kuloweka tu kwenye maji ya moto kama chai haitoi uchungu wenyewe, alfa inahitaji moto wa muda ndo igeuke.

Mwisho uzalendo ukanishinda nikatuma mfuko mdogo maabara. Zipo maabara zinazopimia wakulima na wenye viwanda vidogo vya bia, na mtu wa nyumbani pia anapokelewa. Majibu yalikuja, alfa 5.8, na kitu kimoja ambacho pua haiwezi kukipima, mafuta yanayoitwa farnesini, yangu ilikuwa kama asilimia 6 ya mafuta yote. Hiyo namba ndo tamu. Kuna hopsi zina farnesini na kuna hopsi karibu hazina, Centennial, Chinook, Nugget na Cluster zote zipo chini ya asilimia 1. Cascade inayo, Fuggle inayo, Willamette inayo, na hao ni ndugu, Willamette ni mtoto wa Fuggle, na Cascade naye ana damu ya Fuggle kwa upande wa bibi. Kwa hiyo meza imebaki na majina matatu, na kati ya matatu moja tu ndo linanuka balungi.

Ila msome vizuri hapo, maabara haikuniandikia "hii ni Cascade". Watu wengi wanadhani unatuma maua jina linarudi kwenye bahasha. Wanakurudishia vipimo, jina unalitafuta mwenyewe, na vipimo vinacheza kila mwaka, kiangazi kikali vinashuka, ukichelewa kukausha au ukihifadhi kwenye joto alfa inapungua. Kipimo kinaweza kukataa jina kwa nguvu, kulithibitisha hakiwezi.

DNA ndo inaweza, kwa jani changa tu wala huhitaji koni. Lakini DNA nayo ni kama alama ya kidole, polisi wakiokota alama ya kidole na wewe hujawahi kusajiliwa popote, wanabaki nayo mkononi. Lazima kuwe na kitu cha kulinganisha, na hapo Oregon ina bahati maana hazina ya taifa ya Marekani ya mimea ya hopsi ipo Corvallis, mamia ya aina zikiwa hai ardhini. Mmea uliojiotea kwa mbegu ukiupima utaambiwa haufanani na yeyote, na hilo ni jibu kamili, siyo kwamba kipimo kimeshindwa. Na wakati mwingine uchunguzi unaumbua wakubwa, kule Slovenia kuna hopsi inaheshimika sana, Styrian Golding, vizazi na vizazi watu wakijua ni Golding ya Kiingereza, ilipochunguzwa ikakutwa ni Fuggle. Bia zote zile. Zilikuwa nzuri kabla, na ziliendelea kuwa nzuri baada ya jina kuanguka.

Mimi DNA sijalipia. Kwa kupika naihitaji namba ya uchungu kuliko jina, na hata bila namba kuna njia, hopsi usiyoijua unaitia mwishoni moto ukishazimwa, hapo inatoa harufu na uchungu kidogo tu, ile ya kuchemsha saa nzima unanunua yenye namba. Mifuko yangu kwenye friza imeandikwa "Uani 2023", "Uani 2024", na rafiki zangu wanaomba Uani kwa jina. Kama una mbwa lakini makapi ya hopsi usiyatupe bustanini, mbwa wakila wanapandisha joto la mwili vibaya sana na wanaweza kufa.

Na wale wa Moshi na Arusha wanaoniuliza niwatumie vipande, mzizi utaota, lakini hopsi inataka siku ndefu za kiangazi na baridi ya kuilaza, kwetu mchana ni wa masaa kumi na mbili mwaka mzima, mmea unachanganyikiwa unatoa maua ukiwa bado mfupi. Afrika Kusini wanalima kule George, kusini kabisa, na hata wao ilibidi wazalishe aina zao wenyewe.

Shemeji nilimwambia asubiri mwezi wa tisa, anusie, apime, amtafute aliyeishi hapo zamani, nikamwandikia maelezo marefu kuliko haya. Mwisho wa mwezi wa saba akatuma picha nyingine. Hakukuwa na koni hata moja. Kulikuwa na vishada vya maua madogo madogo ya kijani na njano yananing'inia kama ua la mchicha, ukitikisa tawi linatoa vumbi. Dume. Vitaluni karibu wote wanauza majike tu, kwa hiyo si rahisi kuna mtu aliyelinunua hilo, yaelekea limejiotea lenyewe, halina jina na halitatoa hata kikombe cha bia. Shemeji akaniuliza sasa afanye nini, nikamwambia kivuli chake si ni kizuri.